Kaakaa lililopasuka si mkosi: kazi ya uumbaji tumboni na hukumu ya tiba



Ndugu msomaji, miongoni mwa sunna ambazo Waislamu wa pwani na wa bara wamezihifadhi ni ile ya tahniki. Mtoto anapozaliwa huchukuliwa tende, ikalainishwa, kisha mtu mwema katika jamaa akampaka mtoto kidogo kwa kidole juu ya kaakaa lake. Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) alipojifungua Abdullah bin Zubeir, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa baada ya Hijra, alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.) naye akamfanyia hivyo. Neno lenyewe limetokana na hanaki, ambalo kwa Kiarabu ndilo kaakaa, yaani dari ya kinywa.

Leo tuzungumze juu ya dari hiyo, kwa sababu wapo watoto ambao kidole cha mwenye kutahniki kikipanda juu hakiikuti. Hukuta upenyo unaokwenda hadi puani.

Tuseme mtoto kama huyo amezaliwa Kwedizinga, kata ya Wilaya ya Handeni, jirani na Korogwe. Kwa nje mdomo wake ni mzima, sura yake haina doa, na waliompokea wamemwambia mama hongera. Siku ya pili mama anaona mtoto hawezi kunyonya. Anashika chuchu, anavuta, haipati, anachoka, analala na njaa. Kidogo anachomeza kinarudi kwa njia ya pua. Siku ya tano amepungua, na hapo ndipo mtu mmoja anapoleta tochi, akamfungua kinywa na kuona. Maneno huanza saa hiyo hiyo. Huyu anauliza kama mama alitoka nje usiku mwezi ulipopatwa. Yule anauliza alikula nini, au alimcheka nani. Mwingine anamwita mume pembeni na kumnong'oneza jambo zito zaidi.

Lugha yetu bado imebeba neno kigego, jina la mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, ambaye wazee wa zamani katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki walimhesabu kuwa ni mleta nuksi, na wapo waliomwacha porini au kumuua. Uislamu ulikuja ukakata mzizi wa jambo hilo. Katika Sura At-Takwiir (81) imeelezwa kuwa mtoto aliyezikwa hai ataulizwa Siku ya Kiyama kwa kosa gani aliuawa. Lakini mtoto aliyefichwa chumba cha ndani hadi akafa kwa njaa, kwa kuwa jamaa wameona haya kumtoa, yuko mbali kiasi gani na yule wa zamani?

Basi tutazame kaakaa linavyoumbwa, ili ijulikane kama pana nafasi ya mwezi, ya laana au ya dhambi ya mama katika kazi hiyo.

Qur'ani Tukufu imetaja hatua za mimba mahali pengi. Katika Sura Al-Muuminun (23), aya ya 12 hadi 14, zimetajwa tone, pande linaloning'inia, pande la nyama, mifupa, kisha mifupa kuvikwa nyama. Katika Sura Az-Zumar (39), aya ya 6, tumeambiwa kuwa kazi hiyo hufanyika matumboni mwa mama zetu ndani ya giza tatu, umbo baada ya umbo. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Hudhaifa bin Asid (R.A.) kwamba tone linapopitisha masiku 42, hutumwa malaika akalipa sura na kuliumbia masikio, macho, ngozi, nyama na mifupa. Masiku 42 ni majuma 6. Sipendi mtindo wa kuivuta kila aya na kila hadithi ili ikubaliane na kitabu cha maabara, kwa kuwa vitabu vya maabara hubadilika na maneno ya Mwenyezi Mungu hayabadiliki. Lakini ni haki kusema kwamba mtu asomaye elimu ya mimba hukuta kuwa juma la sita ni mlango wa kazi kubwa ya sura ya mwanadamu, na kaakaa limo humo.

Kaakaa halianzi likiwa dari moja. Katika juma la sita tangu mimba kutungwa huota rafu mbili za nyama changa, moja kila upande wa taya la juu. Mwanzo rafu hizo hukua kwenda chini, ubavuni mwa ulimi, kwa sababu wakati huo ulimi umekijaza kinywa chote. Kufikia juma la nane taya la chini linarefuka, ulimi unashuka, na zile rafu huinuka kwa muda mfupi sana zikalala juu ya ulimi kama mbao mbili za dari. Sehemu ya nguvu ya kuinuka hutoka kwenye asidi ya hyaluroni, kitu chenye sifa ya kufyonza maji mengi na kuzitunisha rafu kutoka ndani. Kwa mtoto wa kike tendo hili huchelewa kiasi cha juma moja kuliko kwa wa kiume, na hiyo hutajwa kuwa ni moja ya sababu zinazofanya kaakaa lililopasuka peke yake, pasipo mdomo, lionekane zaidi kwa wasichana.

Mbao zinakutana katikati. Hapo ndipo penye ajabu yenyewe, kwa maana kukutana siko kuungana. Kila rafu imevikwa tabaka jembamba la seli, na chini ya tabaka hilo umetandikwa utando uliofumwa kwa protini iitwayo kolajeni. Matabaka mawili yakigusana hushikamana na kufanya mshono mmoja. Mshono ukibaki, pande mbili zitakuwa zimelaliana tu kama kurasa za kitabu, na kichwa kinapoendelea kupanuka huenda zikaachana. Ili kaakaa liwe nyama moja na mfupa mmoja, mshono ule lazima utoweke.

Mtu wa Handeni mwenye nyumba ya miti na udongo atalielewa jambo hili upesi. Akitaka kuvifanya vyumba viwili kuwa ukumbi mmoja, haongezi udongo, bali hubomoa ukuta wa kati. Na hubomoa kwa kiasi, kwani akizidisha ataishusha paa.

Wabomoaji wa ukuta wa kaakaa ni vimeng'enya vya ukoo uitwao matriksi metaloproteinezi. Kimeng'enya, kama tulivyofundishwa shuleni, ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, mfano vile vya mate vinavyoanza kusaga wanga wa ugali kabla haujafika tumboni. Hivi vya ukoo huu kazi yao ni kukata nyuzi za protini zinazoshikilia tishu. Kila kimoja kina chembe ya zinki pale kinapokatia. Cha kwanza katika ukoo huu kilielezwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, waliokuwa wakichunguza jambo ambalo kila mtoto wa kijijini amelitazama kwenye dimbwi: mkia wa kiluwiluwi cha chura huenda wapi? Walikuta kwamba mkia haukatiki ukaanguka. Tishu zenyewe hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni ya mkia, nao ukamalizika. Leo vinajulikana vimeng'enya 23 vya ukoo huo kwa mwanadamu, na hufanya kazi kila mahali tishu inapojengwa upya, katika kidonda kinachopona, katika mfupa unaokua, na katika tumbo la uzazi lenyewe.

Mkono wenye shoka lazima uwe na mlinzi. Vimeng'enya hivi hutolewa na seli vikiwa vimefungwa, kama panga lililo alani, na hufunguliwa mahali pa kazi tu. Pembeni yao seli hutoa protini nyingine za kuvizuia, ili kisibomolewe kisichotakiwa. Katika kaakaa, moja ya ishara zinazoiratibu shughuli hiyo ni protini ya ukuaji iitwayo TGF-beta 3. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya walioondolewa jeni ya protini hiyo huzaliwa na kaakaa lililopasuka. Rafu zao zilikua, zikainuka, hata zikakutana, lakini hazikuungana. Mwaka 2001 watafiti wa Los Angeles wakachukua makaakaa machanga ya panya wa kawaida, wakayakuza ndani ya vyombo na kuyawekea dawa ya kuvizuia vimeng'enya tunavyovizungumza. Rafu ziligusana, na mshono ukabaki palepale.

Tena Muumba hakuiweka kazi hii mikononi mwa mmoja. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, mara nyingi kingine cha ukoo wake huziba nafasi. Ndiyo maana walio wengi huzaliwa salama. Duniani kote hukadiriwa kuwa mtoto 1 kati ya takriban 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Mdomo na kaakaa si jambo moja, kwani mdomo wa juu huungana mapema zaidi, na ndiyo sababu mtoto anaweza kuwa na mdomo sungura na kaakaa zima, au kinyume chake kama yule wa mfano wetu. Zote hizo ni neema ambazo mwanadamu amekumbushwa katika Sura Al-Balad (90), pale Mola wake anapomhesabia macho mawili, ulimi na midomo miwili.

Na mpasuko ukitokea? Katika Sura Al-Hajj (22), aya ya 5, limetajwa pande la nyama lililotimia umbo na lisilotimia. Wafasiri wamehitilafiana. Wapo waliosema lisilotimia ni mimba inayoharibika, na wapo waliosema ni kiumbe chenye upungufu katika baadhi ya viungo. Kwa kauli hii ya pili, upungufu wa umbo umetajwa ndani ya kazi ya Muumba mwenyewe, bila kumhusisha mwezi wala jirani mwenye husuda. Na kanuni iliyorudiwa katika Qur'ani kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine inatosha kumnyamazisha anayesema mtoto analipa dhambi za wazazi. Ama mwenye kumtuhumu mama wa watu zinaa kwa sababu ya kaakaa la mtoto, aisome Sura An-Nuur (24), aya ya 4, aone adhabu ya anayewasingizia wanawake wema bila mashahidi wanne. Kaakaa halimo katika mashahidi hao.

Sababu zinazojulikana ni za mchanganyiko. Zipo za urithi. Mwaka 2016 jarida la PLoS Genetics lilichapisha utafiti wa watoto na vijana 3,505 wa Mwanza, ambao sura zao zilipimwa kwa picha za pande tatu na jeni zao zikasomwa, na miongoni mwa watafiti alikuwamo Mtanzania Mange Manyama wa chuo cha tiba cha Bugando. Utafiti huo uliona jeni zinazohusiana na ukubwa na umbo la uso wa Mwafrika. Mwaka 2019 ukafuata mwingine uliochunguza mipasuko yenyewe katika Nigeria, Ghana na Ethiopia. Ndugu wa mtoto mwenye mpasuko ana uwezekano mdogo wa kuwa nao, kiasi cha 2 hadi 5 katika 100, kwa hiyo wazazi wasiogope kuzaa tena. Na zipo sababu zitokazo nje: tumbaku, pombe, kisukari cha mama kisichotibiwa, na baadhi ya dawa, hasa valproeti na fenitoini zinazotolewa kwa kifafa. Mama mwenye kifafa asiziache dawa kwa kusoma haya gazetini, bali aende kwa daktari kabla ya kubeba mimba, kwa kuwa kifafa kisichotibiwa nacho huua.

Nalirudia neno "kabla" kwa sababu ya hesabu ya majuma. Kaakaa linamaliza kufungwa kufikia juma la 12. Akina mama wengi vijijini hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi minne au zaidi, wengine kwa haya, wengine kwa hofu ya jicho la watu, wengine kwa sababu zahanati iko mbali. Vidonge vya damu vyenye asidi ya foliki hupewa siku hiyo, na ni vizuri, lakini kaakaa limekwisha kufungwa au kuachwa wazi wiki kadhaa nyuma. Faida ya foliki katika kuzuia mgongo wazi imethibiti, ama katika kaakaa matokeo ya tafiti hayajakubaliana, ila mwenye kuianza kabla ya mimba hana hasara. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani uongezwe kirutubishi hicho. Mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida hayapiti huko.

Sasa hukumu ya tiba. Wapo ndugu wenye ikhlasi wanaohofu kwamba kushona mdomo au kaakaa ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Sura An-Nisaa (4), aya ya 119, imelinasibisha na amri ya shetani. Hofu hiyo inaheshimika, lakini dalili haziko upande wake. Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyowalaani wanaochonga mwanya wa meno imefungwa kwa sharti la kutafuta uzuri, na Imamu An-Nawawi alipoisherehesha alieleza kuwa mwenye kuhitaji kwa ajili ya matibabu au kasoro ya jino hana neno. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujinga. Alijitengenezea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu kwa asili ni haramu kwa wanaume. Na katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa azimio kuhusu upasuaji wa sura, likaruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa zenye kuleta madhara, na mfano wa mwanzo uliotajwa humo ni mdomo uliopasuka. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru waja wa Mwenyezi Mungu wajitibu. Mtoto hawezi kujitibu, basi amri hiyo inamwangukia aliye naye.

Kazi ya kwanza ni kumlisha. Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta, kwa kuwa hewa inavuja, lakini anaweza kumeza. Mama akamue maziwa yake, amkalishe mtoto wima, amnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi au kijiko, kidogo kidogo na mara nyingi, na amcheushe kila baada ya muda. Haki ya kunyonya iliyotajwa katika Sura Al-Baqara (2), aya ya 233, haipotei kwa kuwa maziwa yamepitia kikombeni. Na anayetahniki, akiona upenyo, asiweke tende humo, kwani chembe inaweza kuingia njia ya hewa. Apige tochi kwanza.

Kazi ya pili ni safari. Aanze kituo cha afya au Hospitali ya Magunga pale Korogwe, aombe rufaa. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazojulikana kwa upasuaji huu, na kwa msaada wa wafadhili familia nyingi zimepasuliwa watoto wao bila kulipa gharama ya upasuaji. Madaktari wengi hufuata kanuni ya makumi kwa mdomo: majuma 10, uzito wa kilo 4.5 (ambao ni ratili 10), na damu gramu 10 kwa desilita. Kaakaa hungojewa zaidi, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajajenga mazoea ya kusema. Aliyechelewa asikate tamaa, kwa maana hata mtu mzima hushonwa. Kinachowakwamisha wengi ni nauli, na chakula cha mama siku akiwa mjini. Fukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa katika wanaostahiki zaka, na kamati ya msikiti inayokusanya fedha za saruji kila Ijumaa haitashindwa na nauli ya basi kutoka Handeni.

Baada ya kushonwa yabaki mambo mawili. Masikio ya watoto hawa hujaa maji ndani mara kwa mara, hivyo yapimwe, kwani asiyesikia hataongea sawasawa. Na ulimi wenyewe unahitaji mazoezi. Mwalimu wa madrasa ndiye anayeliona tatizo kwa ukaribu zaidi. Katika elimu ya tajwidi tunafundishwa kuwa ghunna hutoka puani katika nuni na mimu. Kwa mtoto ambaye kaakaa lake halijazibwa vizuri, herufi zote zina ghunna: ba yake inakuwa mimu, dali yake inakuwa nuni, na kafu haipati pa kugonga. Kumchapa kwa hilo ni dhulma. Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.) katika Bukhari na Muslim, amemwahidi ujira mara mbili yule anayeisoma Qur'ani kwa taabu.

Wala asiitwe Sungura. Waandishi wa sira wanamtaja Suhail bin Amr, msemaji mkuu wa Makureshi, kuwa alikuwa na mpasuko mdomoni. Alitekwa Badri, mwaka wa 2 Hijria, na Umar (R.A.) aliomba ruhusa ya kumng'oa meno ya mbele ili asipate tena kuwahutubia watu dhidi ya Uislamu. Mtume (S.A.W.) alikataa kumharibu umbo, na akasema kwamba huenda Suhail akaja kusimama kisimamo ambacho Umar hatakilaumu. Suhail ndiye aliyejadili mkataba wa Hudaibiya kwa niaba ya Makka. Alisilimu Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8. Na mwaka wa 11, habari za kufariki Mtume (S.A.W.) zilipoitikisa Makka, baadhi ya watu wakataka kurudi nyuma katika dini, aliyesimama kuwahutubia hadi wakatulia alikuwa yeye.